MWENDO WA MSAFIRI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani katika sisi mwenye vitendo vizuri zaidi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka twaliona jambo moja kwa macho yetu, nalo hatulipimi kwa akili zetu. Ramadhani ikiingia, misikiti ya miji yetu ya pwani hujaa hata watu wakatandika mikeka nje. Shawwal ikiingia, safu hupungua siku baada ya siku, na kabla mwezi haujaisha, sala ya Alfajiri hurudi kwa wazee wale wale na safu ile ile moja.

Watu wengi huwahukumu wale waliotoweka, wakasema kuwa ni wanafiki, au kwamba hawakuwa na nia. Mimi sisemi hivyo. Naamini kuwa wengi wao walikuwa na nia ya kweli, tena walilia machozi ya kweli. Kosa lao halikuwa katika nia. Lilikuwa katika kipimo. Mtu alikaa msikitini usiku wa mwezi ishirini na saba, moyo ukalainika, akakusudia kwamba tangu leo atasimama kila usiku, atahitimu Qur'ani kila mwezi, ataacha sigara na mairungi, atalipa madeni yake yote, na atawaendea jamaa zake wote aliokatana nao. Yote hayo kwa pamoja, na yote kuanzia kesho! Siku ya kumi alichoka. Siku ya ishirini aliacha hata kile kidogo alichokuwa nacho kabla ya Ramadhani, kwani alijiona kuwa amekwisha kushindwa, na aliyeshindwa haoni faida ya kuanza tena.

Huyo ni mmoja. Yuko na wa pili, naye hapatikani msikitini kabisa, wala hana haraka ya jambo lolote. Ukimwuliza juu ya sala, akwambia: nikioa. Akishaoa, asema: watoto wakikua kidogo. Watoto wakikua, asema: nikimaliza nyumba. Nyumba ikiisha, asema: nikistaafu, hapo nitakaa na tasbihi yangu, nikahiji, nikatubu. Na sisi sote tumewazika watu wa namna hii, tena tumewazika kabla ya nyumba kupigwa lipu.

Ndugu zangu, watu hawa wawili, mwenye pupa na mwenye kuahirisha, huonekana kuwa mbalimbali, lakini ni watoto wa mama mmoja. Mama yao ni kusahau kwamba umri si mali yetu. Mwenye pupa ataka kumaliza kwa usiku mmoja mwendo wa miaka arubaini, kana kwamba nguvu zake hazina mwisho. Mwenye kuahirisha ataka kuuweka mwendo wa miaka arubaini katika miaka mitano ya mwisho, kana kwamba miaka hiyo amekwisha kuandikiwa hati. Wote wawili wamejiwekea mpango juu ya kitu wasichokimiliki.

Mtume (S.A.W.) alilieleza jambo hili kwa mchoro, kama alivyopokea Abdullahi bin Masud (R.A.) katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Alichora chini umbo la mraba. Kisha akachora katikati yake mstari uliotoka nje ya mraba, na pembeni mwa mstari ule akachora vijistari vidogo vidogo. Akawaeleza kuwa yule aliye katikati ndiye binadamu. Mraba uliomzunguka ni ajali yake, yaani siku ya kufa kwake. Mstari uliotoka nje ni matumaini yake. Na vile vidogo ni masaibu ya dunia: hiki kikimkosa, kile humpata.

Utazameni mchoro huu vizuri. Mtume hakusema kuwa binadamu asiwe na matumaini. Matumaini yamo katika umbile letu. Bila ya hayo hapana angechimba kisima, wala kupanda mnazi ambao hukaa miaka kadhaa ndipo uzae. Lakini alitufunza kuwa matumaini ni marefu kuliko umri. Basi mwenye akili huweka kusudio lake mbali, lakini hatua yake huiweka hapa karibu, ndani ya mraba, katika siku hii ya leo aliyokwisha kupewa.

Na katika Suratul Hashr, aya ya 18, Mwenyezi Mungu awaamrisha walioamini wamche, na kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Aya hii ndiyo msingi wa kila mpango wa Mwislamu. Kesho yaitwa kesho, ingawa ni Akhera, ili tujue kuwa si mbali. Na tumeambiwa tutazame tulichokitanguliza, yaani kilichokwisha kutendwa, wala si tulichokinuia tu.

Sasa tuutazame mwendo wenyewe. Je, dini yetu imetuamrisha kukimbia mpaka tuanguke? Hasha. Bukhari amepokea kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafunza kuwa dini hii ni nyepesi, na kwamba hapana mtu atakayeikaza juu ya nafsi yake ila itamshinda. Kisha akawashauri wajisaidie kwa mwendo wa asubuhi, na wa jioni, na sehemu ya usiku. Nyakati hizi ndizo nyakati za msafiri wa jangwani: huenda kukiwa na baridi, na hupumzika jua linapokuwa kali, ili yeye na mnyama wake wafike. Mwenye kumwendesha ngamia mchana kutwa bila ya kumpumzisha hufa njiani pamoja na ngamia wake.

Siku moja aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zainab (R.A.), akichoka katika sala huishika. Akaamrisha ifunguliwe, akafunza kuwa mtu asali akiwa na nguvu zake, na akichoka aketi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na Bibi Aisha (R.A.) alipokea kwake kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo.

Tazameni pia habari ya Abdullahi bin Amr bin Al-As (R.A.). Alikuwa kijana mwenye nguvu, akifunga kila siku na akisoma Qur'ani yote kila usiku. Mtume alimwita, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake. Akamtaka afunge siku tatu tu katika kila mwezi. Kijana akasema kuwa aweza zaidi, akaomba na kuomba, mpaka akaruhusiwa kufunga siku moja na kula siku moja, kama alivyofunga Nabii Daudi. Miaka ikapita. Alipokuwa mzee, nguvu zimekwisha, alisema kuwa laiti angaliipokea ile ruhusa ya Mtume. Lakini hakukubali kuliacha jambo aliloachana na Mtume akiwa juu yake. Hapa pana mafunzo mawili: kijana asiupime uzee kwa nguvu za ujana, na aliyekwisha kushika jambo asilitupe.

Bali mwendo huu ndio uliofuatwa na Qur'ani yenyewe. Haikuteremka kwa usiku mmoja. Iliteremka kwa muda wa miaka ipatayo 23, Makka kisha Madina. Makafiri waliuliza kwa nini haikuteremshwa yote mara moja, nao wakajibiwa katika Suratul Furqan, aya ya 32, kwamba ni kwa ajili ya kuuthibitisha moyo wa Mtume. Na Bibi Aisha alieleza kuwa kwanza ziliteremka sura zenye habari za Pepo na Moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo ikaja halali na haramu. Lau kuwa neno la kwanza lingalikuwa kukataza ulevi, wangalisema kuwa hawauachi kamwe. Basi ikiwa Mola aliyeziumba nyoyo amezilea kwa daraja, wewe ni nani hata uutake moyo wako ugeuke wote kwa usiku wa ishirini na saba?

Wala mtu asiyageuze maneno haya yakawa hoja ya uvivu. Faradhi hazina daraja tena kwetu. Sala tano ni tano, na haramu ni haramu leo kama ilivyokuwa jana. Asiyesali asiseme kuwa ataanza kwa sala mbili kwa siku kisha aongeze. Tunayoyasema ni katika yaliyozidi juu ya faradhi: sala za usiku, kisomo, elimu, sadaka, na mipango yetu ya maisha.

Wazee wetu wa pwani waliijua hikima hii baharini. Nahodha wa zamani, akikusudia kwenda Arabuni, hakutweka tanga wakati wa kaskazi akashindana na upepo. Alingoja kusi ianze. Na kusi ilipokuwa kali katikati ya mwaka, hakutoka kwa kuonyesha ushujaa. Lakini katika kungoja kwake hakulala. Alikalafati chombo, akakipaka sifa na deheni, akashona matanga, akatia maji na chakula, hata upepo ulipokuja ulimkuta tayari. Kungoja kwa mwenye safari si kama kungoja kwa mvivu, ingawa wote wawili wameketi pwani.

Na katika wanazuoni wetu tuna mifano iliyo karibu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, alitaka kuwaamsha Waislamu wa nchi hii kwa elimu. Hakungoja apate chapa kubwa na mali nyingi. Alianza mwaka 1930 na gazeti dogo aliloliita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Magazeti yale hayakudumu miaka mingi, lakini yeye aliendelea kusomesha na kuandika, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, na wanafunzi wake wakaipokea kazi. Kadhalika Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wetu mwaka 1968. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, baada ya kutolewa sehemu kwa sehemu kwa miaka. Leo yule asomaye kitabu kile nyumbani hauoni usiku mmoja mmoja uliotumika ndani yake. Auona msahafu mzima tu.

Ama katika mambo ya dunia, maradhi ya pupa yametuenea zaidi. Kijana ataka apate kwa mwaka mmoja nyumba aliyoijenga babake kwa miaka thelathini. Mshahara haumtoshi kwa haraka yake, basi hukopa kwa riba. Riba ikimbana, huingia katika kamari, ambayo siku hizi haihitaji hata kutoka nyumbani, kwani imo katika simu iliyo mkononi mwake. Hucheza usiku mkewe amelala, akitumai kuwa asubuhi ataamka tajiri. Na jamaa hufanya arusi ya siku tatu wakabaki na deni la miaka mitatu. Hawa wote si kwamba hawana makusudio. Wanayo, lakini wamekata tamaa na hatua. Wamedharau shilingi ya halali kwa kuwa ni ndogo, wakasahau kuwa kidogo cha halali kikidumu hubarikiwa.

Na Suratun Nahl, aya ya 92, yatupigia mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya yazungumza juu ya kuvunja ahadi. Basi kila mwenye kuahidiana na Mola wake Ramadhani, akayavunja yote Shawwal, na aogope kuwa katika mfano huo.

Basi tufanyeje? Nitataja mambo manne, wala si zaidi, ili tusije tukaingia katika kosa lile lile tunalolikataza.

La kwanza: chagua jambo moja. Usiahidi kumi. Ikiwa ni kisomo, kiwe kisomo. Ikiwa ni deni, liwe deni. Likishakuwa ada yako, hata usipolifanya wajiona una upungufu, hapo chukua la pili.

La pili: lipime kwa siku yako mbaya, usilipime kwa siku yako njema. Ukurasa utakaoweza kuusoma siku uliyochoka, mtoto ana homa na mvua yanyesha, huo ndio kipimo chako. Siku njema ukizidisha ni fadhila. Lakini usishuke chini ya kipimo.

La tatu: jihisabu kila juma kabla ya sala ya Ijumaa, kama mwenye duka anavyofunga daftari lake. Ukikuta upungufu usijitukane, rudi. Hapana msafiri aliyefika bila ya kujikwaa, lakini wako wengi waliojikwaa wakaketi hapo hapo hata msafara ukawapita.

La nne: pumzika kwa kukusudia. Usingizi wa mchana wa mwenye kuamka usiku ni ibada kwake, na kuzungumza na wanawe jioni ni haki yao. Salman (R.A.) alipomwona nduguye Abu Dardai anafunga mchana na kukesha usiku hata mkewe hana sehemu, alimzuia, akamfunza kumpa kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari alimsadiki Salman.

Nimalizie kwa habari tuliyoiona wenyewe katika darsa yetu. Tulipoianza tulikuwa watu wengi na makusudio makubwa. Tuliapizana kuwa tutamaliza tafsiri nzima kwa mwaka mmoja, kila usiku, saa mbili kila kikao. Mwezi wa tatu tulibaki watu watano pamoja na mwalimu. Tuliona haya, na karibu tuivunje. Ndipo mwalimu akasema: tusome ukurasa mmoja, baina ya Magharibi na Isha, siku tatu kwa juma. Tangu hapo darsa haijakatika.

Katika wale watano alikuwamo mzee mmoja mshona kofia. Hakuwahi kusoma chuoni utotoni, kwani alikuwa yatima akafanya kazi mapema. Naye alikuwa amekwisha kupita miaka sitini alipotutaka tumfunze kusoma Qur'ani kwa kuanzia alifu. Mtu mmoja alimwuliza kwa dhihaka: mzee, wewe utahitimu lini? Akajibu: kofia hushonwa tundu kwa tundu, mimi leo nashona tundu la leo. Alianza na Juzuu Amma, akipata aya mbili au tatu kwa kikao, na kikao kingine hapati hata moja. Hakupata kukosa ila kwa ugonjwa. Baada ya miaka mitatu alikuwa amefikia Suratul Muzzammil, ambayo aya yake ya mwisho imewapunguzia Waislamu kisimamo cha usiku, wakaambiwa wasome kilicho chepesi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ajua kuwa miongoni mwao watakuwamo wagonjwa, na wanaosafiri kutafuta riziki, na wanaopigana katika njia yake. Mzee hakuifikia aya hiyo. Alifariki juma lile.

Tulipotoka makaburini, mmoja wetu alisema kwa huzuni: maskini, hakuhitimu. Mwalimu akasimama njiani, akatukumbusha Suratun Nisaa, aya ya 100: kwamba mwenye kutoka nyumbani kwake hali ya kuhama kumwendea Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kisha mauti yakamkuta njiani, malipo yake yamekwisha kuthibiti kwa Mwenyezi Mungu. Akasema: huyu alikuwa njiani. Nyinyi jiulizeni mauti yakija leo yatawakuta wapi, njiani au mmeketi.

Swali hilo, ndugu zangu, ndilo ninalowaachia. Mola wetu hatatuuliza kwa nini hatukumaliza kila jambo, kwani kumaliza kuko mkononi mwake. Atatuuliza juu ya umri alioutupa, tumeutumia katika nini. Basi kila mmoja wetu na aondoke leo na jambo moja, dogo, la kweli, alianze kabla ya kulala, na kesho alirudie.

Ewe Mola wetu, usitutwike tusiyoyaweza, wala usituache tukaidharau hatua tunayoiweza. Utudumishe katika kidogo kilicho chema, utusamehe tuliyoyaahirisha, na uyajaalie mauti yetu yatukute tuko njiani kukuendea Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.